Jiji namba moja, la nani?

Mpwa, umetupa kwenye kundi la ukoo ile orodha ya 2025 ya miji bora ya kuishi, ya watafiti wa kundi la Economist la Uingereza, Copenhagen imeipiku Vienna na kukaa juu ya miji yote 173, halafu ukaniuliza: "Mjomba, uko jiji bora duniani, unalalamika nini?" Ukoo mzima ukacheka. Haya.

Kwanza, hakuna aliyeniuliza mimi. Wanapima usalama, hospitali, shule, miundombinu, utamaduni na mazingira, na makampuni yanaitumia kupanga posho za wakubwa wanaohamishwa kikazi. Mkubwa anatafutiwa nyumba. Wewe utajitafutia, na hapo ndipo panapouma.

Huku Denmark bila namba ya CPR, yaani namba ya usajili wa mkazi, akaunti ya benki ni shida na daktari wako huna. Namba inataka anwani. Mwenye nyumba anaruhusiwa kisheria kudai amana ya miezi 3 na juu yake kodi ya miezi mingine 3. Ukishindwa, unajibanza kwenye chumba cha mtu anayekwambia kavu: kulala ruksa, kujiandikisha hapa marufuku. Mimi nilibandika jina langu kwenye sanduku la barua kwa selotepu. Jioni narudi, limebanduliwa, selotepu imebaki.

Siwezi kusema sikufurahi. Mwanzoni nilikuwa nakinga maji ya bomba nakunywa pale pale, najichekea. Yakazoeleka. Siku hizi basi likichelewa dakika mbili nasonya. Msinishangae: Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mlijaza picha humu, foleni ya kivuko ikasahaulika, na sasa mama yako akitoka Sengerema habari yake ni foleni ya magari ya Mkuyuni, hapo Mwanza mjini, tu.

Kwa hiyo usije. Nasema kweli, baki Mwanza. Ila ukipata chuo chenye hosteli, njoo hata kesho, nitakupokea. Kiwanja cha Buhongwa usikiguse kugharamia safari. Jaketi nunua huko huko, soko la Mlango Mmoja, mitumba yake ni nguo hizi hizi za huku Ulaya, na utalihitaji: Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Ada ya mdogo wako nitatuma mwisho wa mwezi, si kabla, msinipigie.

Na huyo rafiki yako anayedai ana chumba cha kukupangisha huku, muulize kwanza kama utaandikishwa hapo. Akianza kujiumauma, kata simu.