Jiwe la Umeme Liliunguza Tumbo la Mjusi Wangu

Juma lililopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia kwamba mjusi wake amegoma kula panzi, na kwamba, kwa ajili ya baridi hii ya Julai, amemnunulia jiwe la umeme la kulalia, lile linalochomekwa ukutani likapata moto. Nilipofika kwenye neno "jiwe" nilimpigia simu palepale, ingawa ilikuwa saa nne usiku, nikamwomba alichomoe kabla hatujasalimiana vizuri.

Jiwe kama hilo lilinitia aibu. Miaka mitatu iliyopita jirani yangu hapa Njiro, aliyekuwa akirejea kwao Ulaya, aliniachia mjusi mwenye ndevu, wa aina inayotoka nyika kavu za ndani ya Australia, pamoja na sanduku lake la kioo. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wingu likishalalia Mlima Meru hata sisi watu wazima tunashinda na masweta. Basi nikanunua jiwe nikajiona mfugaji mwenye akili. Mjusi alilikumbatia kutwa. Jioni moja nilimwinua nikakuta magamba ya tumboni yamekuwa ya kahawia, na katikati pana lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi. Daktari wa mifugo, aliyezoea ng'ombe na mbwa, aliniuliza kama kweli nimepanda daladala kwa ajili ya mjusi. Neno lile linaniuma hadi leo, ingawa dawa yake ilimponya.

Baada ya hapo nilihamia kwenye taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250, nikaifunga kwenye holda ya plastiki, nayo ikaanza kuyeyuka. Sikuwa nimejifunza kitu.

Mjusi wa aina hii hupokea joto kutoka juu, kama jua linavyompiga mgongoni. Siku hizi natumia balbu ya halojeni ya wati 75 ndani ya holda ya kauri iliyofungwa na fundi umeme, yenye wavu wa chuma ili mjusi asiiguse, na chini yake nimeweka tofali la kuchoma. Juu ya tofali panatakiwa nyuzijoto 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili wa sanduku kama 25, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, naye hujirekebisha kwa kuhamahama. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni, na ndiyo maana hugoma kula. Kipimajoto kilazwe pale tumbo linapotua, si ukutani. Taa ya UVB, yaani mionzi ya jua inayomsaidia mjusi kutengeneza vitamini D ya mifupa, inahitajika pia, kwa kuwa kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo, na sanduku la kioo likianikwa juani huwa tanuri. Umeme ukikatika, lifunikeni blanketi na msimlishe hadi joto lirudi. Ndugu zangu, mnyama huyu hakuomba kuletwa kwenye baridi yetu. Anayeona uvivu wa kupima joto afuge kuku.

Jana msomaji wangu alinitumia picha ya mjusi juu ya tofali, mdomo wazi, akiuliza kama anaumwa. Nilimwambia asome kipimajoto kwanza. Kilionyesha 46, akainua taa kwa upana wa vidole vinne.