Jibu: Mbona Bizanti haikuanguka kama Uajemi?

Mkuu, umeuliza swali zito: Waarabu waliwapiga Wabizanti (Warumi wa mashariki) na Waajemi miaka ileile ya karne ya saba, sasa mbona Uajemi ilikwisha na Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, ikabaki?

Jiografia ilisaidia. Ctesiphon, mji mkuu wa Waajemi, ulikuwa kwenye tambarare ya Iraki na ulitekwa 637, ilhali Konstantinopoli ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima ya Taurus, na bahari pande tatu. Lakini mimi naona siri kubwa ni jeshi. Baada ya Wabizanti kushindwa na Waarabu kwenye mto Yarmuk mwaka 636, kisha kuipoteza Misri iliyowalisha nafaka, hazina ilikauka. Majeshi yaliyorudi nyuma kutoka Syria na Armenia yakapangwa Anatolia (Uturuki ya leo), na taratibu maeneo yao yakageuka majimbo, jemadari akishika jeshi na hatimaye utawala pia.

Wabizanti wakaacha kukimbilia mapigano makubwa ya uwanjani. Uvamizi ukija, wanakijiji na mifugo walihamishiwa ngomeni, vikosi vidogo vikamfuata adui kwa mbali, kisha vikamvizia kwenye njia nyembamba za milimani akirudi kwao amelemewa na ngawira. Hapo ndipo walipomuumiza hasa.

Kuhusu moto wa Kigiriki uliotaja, yaani kimiminika cha Wabizanti kilichowaka hata juu ya maji: ni kweli uliunguza meli za Waarabu walioizingira Konstantinopoli 717–718, ukirushwa kwa mrija kutoka merikebuni. Ila njaa na baridi kali viliua wengi, na Wabulgaria waliowashambulia wazingiraji kutoka nchi kavu wanastahili sifa kuliko wanazopewa.