Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Springi Inapokataa Kupiga Mahali Pamoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Leicester, Uingereza, na nimenunua bunduki ya hewa ya Weihrauch HW97K iliyokwisha kutumika, ya milimita 4.5, kwa ajili ya kulenga shabaha klabuni. Kwa umbali wa mita 25, siku nyingine risasi tatu huingia karibu katika tundu moja, na siku nyingine hutawanyika hadi sentimita tano, ingawa sijabadilisha chochote. Mwenzangu ananishauri niifungue nibadilishe springi na sili ya pistoni. Je, nianzie hapo? — Msomaji wa Leicester

JIBU: Marahaba. Usianzie hapo, kwa sababu dalili unazozieleza si za springi iliyochoka. Springi ikichoka, mwendo wa risasi hupungua na risasi huanza kugonga chini ya pale ilipozoea. Ni nadra iwe ndiyo inayozitawanya kushoto na kulia. Hebu tupige hesabu kidogo. Risasi ya gramu 0.547, uzito unaopendwa na walengaji wengi wa milimita 4.5 huko uliko, ikitoka mtutuni kwa mita 240 kwa sekunde huwa imeshuka takriban sentimita 6 kutoka mstari wa mtutu inapofika mita 25. Mwendo huo ukipungua kwa mita 5 kwa sekunde, mahali inapogonga hapabadiliki hata kwa milimita 3. Wewe unalalamikia sentimita tano, kwa hiyo ugonjwa uko kwingine.

Jambo la kwanza ni kujua bunduki yako inafanya nini hasa, na risasi tatu haziwezi kukueleza. Kundi la risasi, yaani matundu yote ya mfululizo mmoja kwenye karatasi, hupanuka kadiri idadi ya risasi inavyoongezeka, hata kama bunduki, mkono na hali ya hewa havikubadilika: ikiwa makundi yako ya risasi 3 yana upana wa wastani wa milimita 12, ya risasi 5 yatakaribia milimita 15, na ya risasi 10 yatakaribia milimita 19. Zaidi ya hayo, kundi moja la risasi tatu hutofautiana mno na jingine kwa bahati tu, na hilo tundu moja unalolikumbuka kwa furaha huenda lilikuwa bahati hiyohiyo. Chagua siku isiyo na upepo, au bora zaidi ukumbi wa ndani, upige makundi kadhaa ya risasi tano tano, kisha uchukue wastani wa yote. Upana hupimwa kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali zaidi, halafu unatoa kipenyo cha tundu moja, nacho ukipime kwenye karatasi yenyewe kwa kuwa karatasi hujirudi kidogo baada ya risasi kupita. Kundi baya lisitupwe. Nimeona walengaji wengi wanaotembea na karatasi moja nzuri mfukoni kana kwamba ni cheti, ilhali karatasi nyingine zote za siku ile zimeishia kwenye pipa la taka.

Baada ya kupima, angalia sura ya makundi. Kundi dogo linalohama, leo juu kulia na kesho chini kushoto, kwa kawaida linaelekeza kwenye darubini, vishikizo vyake au namna unavyoishika bunduki. Kundi pana ambalo katikati yake haihami linaelekeza zaidi kwenye risasi zenyewe, mdomo wa mtutu, au tena mkono wako. Mkono umo katika orodha zote mbili, na hapo ndipo bunduki ya springi inapotofautiana na nyingine zote.

Unapovuta kifyatulio, pistoni nzito husukumwa mbele na springi, na bunduki nzima hurudi nyuma kuujibu mwendo huo. Hewa iliyobanwa mbele ya pistoni inapoisimamisha, bunduki nayo hurushwa mbele. Yote haya hutokea katika takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa sehemu kubwa ya muda huo risasi bado imo mtutuni. Ina maana kwamba risasi huondoka katika bunduki ambayo tayari imeshasogea. Huwezi kuuzuia mwendo huo kwa nguvu za mikono. Unachoweza ni kuuruhusu uwe uleule kila mara. Ndiyo maana bunduki hii haipendi kukabwa, wala haipendi kulazwa juu ya tofali, meza au kitu chochote kigumu. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, vidole visiikamate, mkono wa nyuma uishike kwa wepesi tu, kitako kiguse bega bila kubanwa, na shavu likae mahali palepale kwa uzito uleule. Ukitumia mfuko wa mchanga, weka mkono wako kati ya mfuko na bunduki. Kisha jaribu kiganja kikiwa karibu na mlinzi wa kifyatulio (kile kipande kinachokizunguka kifyatulio), halafu mbele zaidi kwa hatua ndogo ndogo, ukipiga kundi kamili katika kila mahali. Utakapopata mahali panapokupa kundi dogo kuliko pengine, tia alama kwenye mbao, kwa kuwa kusogea sentimita mbili tu kunaweza kuhamisha kundi zima. Baada ya kuvuta kifyatulio, endelea kuutazama msalaba wa darubini mpaka uone risasi imegonga.

Sasa vifaa. Kaza skrubu mbili za ubavuni mwa mbao ya mbele na zile za mlinzi wa kifyatulio, kwa kuwa mtikisiko wa springi huzilegeza polepole bila mwenyewe kujua. Tone dogo la gundi ya skrubu ya buluu, ile inayoweza kufunguliwa tena, litasaidia. Darubini iangaliwe kama imetelezea nyuma kwenye reli yake. Hakikisha pia imetengenezwa kwa ajili ya bunduki za springi, maana mshtuko wa pande mbili huziharibu darubini ambazo hustahimili vizuri bunduki kubwa za baruti, ambazo mshtuko wake huenda upande mmoja tu. Tegemeza bunduki itulie, kisha sogeza jicho kushoto na kulia nyuma ya lenzi bila kuigusa: msalaba ukionekana kutembea juu ya shabaha, darubini haijarekebishwa kwa umbali huo, na kila shavu linapokaa tofauti risasi nayo itaonekana kupotea.

Mwisho ni risasi. Nunua aina chache, zenye kipenyo cha kichwa cha milimita 4.51 na 4.52 kwa mfano, kwa sababu mtutu mmoja huipenda hii na mwingine huikataa kabisa, na hakuna anayeweza kukutabiria. Tupa zilizobonyea sketi, yaani ile sehemu pana ya nyuma ya risasi. Kila unapobadilisha aina, piga makumi kadhaa bila kupima, ili risasi ya aina mpya ifunike mabaki ya ile ya zamani ndani ya mtutu. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukitoka hapo, nawa mikono kabla ya kula, kwani madini ya risasi ni sumu.

SWALI: Salamu kwako. Bunduki yangu mpya ya kukunja mtutu hutoa moshi, mlio mkali na harufu ya mafuta yaliyoungua. Nilitia matone ya mafuta ya cherehani kupitia tundu la hewa, nikidhani ninalainisha. Pia ningependa kujua kama nikifunga springi kali zaidi ya toleo la Uingereza italenga vizuri zaidi. — Msomaji wa Hamburg, Ujerumani

JIBU: Mafuta hayo ndiyo yanayoungua. Hewa inapobanwa ghafla mbele ya pistoni hupata joto la mamia ya nyuzi, na mafuta mepesi yaliyomo hushika moto. Kiasi kidogo cha mwako ni cha kawaida hata katika bunduki iliyotunzwa vizuri. Watafiti wa Uingereza, G. V. Cardew na mwanawe, walipoifyatua bunduki ya springi ndani ya gesi ya nitrojeni, isiyoruhusu mwako, mwendo wa risasi ulishuka sana. Lakini mlio mkali unaousikia ni mlipuko. Huchoma sili ya pistoni, huweza kuvunja springi, na kwa kuwa haulingani kutoka risasi hadi risasi, hapo hakuna kundi linaloweza kupatikana. Usiongeze tone jingine. Piga risasi nzito kiasi mpaka moshi ukome. Mlipuko ukiendelea, mpelekee fundi aifungue, aioshe silinda na kupaka grisi ya moli (yenye molibdeni) kidogo mahali panaposuguana peke yake. Na usiifyatue bila risasi ndani ukidhani unaisafisha, kwa sababu pistoni itagonga mwisho wa silinda bila hewa ya kutosha kuipokea.

Kuhusu springi kali, jibu ni hapana mara mbili. Nchini Ujerumani bunduki yenye herufi F ndani ya pembetano huuzwa bila kibali kwa mwenye miaka 18 kwa kuwa nguvu yake haizidi jouli 7.5, ukiizidisha, unamiliki silaha inayohitaji kibali ambacho huna. Pili, springi kali huongeza teke na mtikisiko, na pistoni hudunda zaidi. Walengaji wengi wanaoshusha nguvu kidogo hugundua makundi yao yamepungua upana.

SWALI: Springi ya bunduki yangu hulia kama uzi wa gitaa kila ninapofyatua. Je, ninaweza kuifungua nyumbani? — Msomaji wa Milton Keynes, Uingereza

JIBU: Mlio huo hutokana na springi kuwa na nafasi ya kucheza juu ya kijiti kinachoielekeza. Tiba yake ni kijiti cha plastiki ngumu kinachoingia springi kwa kubana kidogo, pamoja na grisi nzito inayonata, kidogo tu kwenye mizunguko ya springi. Ukiijaza, bunduki itatulia lakini itapoteza mwendo, na siku za baridi grisi hiyo itaganda. Usafi wa ncha za springi, ziwe bapa na zimelainishwa kwa msasa, una faida kuliko watu wanavyodhani.

Ama kuifungua, springi hukaa ndani ikiwa imebanwa hata pale bunduki isipokokiwa, na kizibo cha nyuma ya silinda kinachoishikilia kikitoka ghafla kinaweza kuvunja vidole au meno. Bila kibanio maalumu cha springi usithubutu, na kama hukuwahi kumwona mtu akifanya kazi hiyo, mlipe fundi. Bunduki ikisharudishwa, pima mwendo wa risasi kwa kronografu, kifaa cha kupimia mwendo huo, kabla ya kwenda nayo popote. Kikomo cha Uingereza ni futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.27, na nguvu hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito kwa mwendo mara mwendo: gramu 0.547 kwa mita 240 kwa sekunde ni jouli 15.75. Kikomo hicho hutumika kwa risasi yoyote itakayotiwa, kwa hiyo pima na nyepesi pia, kwa kuwa bunduki nyingi za springi hutoa nguvu zaidi kwa risasi nyepesi. Mafundi waangalifu huishia karibu jouli 15 na kuacha nafasi ya joto la kiangazi.

SWALI: Ninahamia Glasgow kutoka London. Je, bunduki yangu ya jouli 15 itakuwa na tatizo lolote? — Msomaji wa London

JIBU: Ndiyo. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, Scotland inahitaji cheti cha silaha za hewa hata kwa bunduki ambazo England haziulizwi. Omba cheti kwa Police Scotland kabla ya kuivusha mpaka, na ukiwa unakwenda kwa mashindano ya siku chache tu, omba kibali cha mgeni. Ireland Kaskazini ina sheria yake nyingine, na huko kikomo cha kutohitaji cheti ni jouli 1 tu.