Dada, toka chooni uje mezani: namna nilivyojifunza kupiga stori na Waingereza

Novemba 2025 nilishinda paundi 19. Najua siyo hela ya kuandikia makala ila subiri kwanza. Pale kazini (nafanya kea, nyumba ya wazee, kaskazini mwa Uingereza, inatosha hapo) tulichanga paundi moja moja, majina ya wale mastaa 19 wa Celebrity Traitors yakaandikwa kwenye vikaratasi yakatiwa kwenye kikombe, kila mtu anachomoa lake. Mimi nikachomoa Alan Carr. Kama hukuangalia, ni mchezo wa TV kwenye ngome huko Scotland, wachache wanateuliwa kisirisiri kuwa wasaliti, usiku "wanaua" mtu, mchana wote wanakaa meza ya duara wanatuhumiana na kupigiana kura. Alan alikuwa msaliti tangu siku ya kwanza, anatokwa jasho, anacheka hovyo, uongo haumkai usoni, na bado kawapiga wote mpaka mwisho akabeba paundi 87,500 za hisani, alafu akaangua kilio. Watu zaidi ya milioni 11 walikuwa wanaangalia. Ijumaa naingia shifti, hata hendova, ile kukabidhiana zamu, haijaanza, napigiwa makofi kama vile ngome nilikuwemo mimi.

Siku hiyohiyo nikapata meseji ya dada mmoja, ana miezi minne tu huku. Anasema, "Dada, breki naimalizia chooni na simu, maana nikikaa nao sielewi wanaongea nini, na kiingereza nakijua." Nimeisoma kwenye basi nikapitiliza kituo changu. Kwa sababu huyo nilikuwa mimi.

Mimi nilitua tarehe 5 Septemba 2022. Boris Johnson bado ndo waziri mkuu. Kesho yake Liz Truss. Siku mbili mbele, tarehe 8, malkia kafariki. Haijafika miezi miwili tayari nina waziri mkuu wa tatu, Rishi Sunak, na mimi hata mabasi sijayajua vizuri. Huyo Truss alikaa siku 49. Serikali yake ilitangaza tarehe 23 Septemba kupunguza kodi bila kueleza pengo la hela litazibwa na nini, paundi ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapaa, pale kazini wenye mikopo wakawa wanaongea kama wamefiwa. Basi gazeti la Daily Star likachukua letasi, ile saladi ya majani, likaivalisha wigi, likaiwekea kamera masaa yote, swali ni moja: nani ataoza mwisho, letasi au Truss? Tarehe 20 Oktoba Truss akatangaza anajiuzulu. Letasi ikashinda.

Sasa mimi hayo yote siyajui. Naingia chumba cha mapumziko nasikia letasi, letasi, letasi imeshinda, na kwa kiherehere changu nataka na mimi nionekane nimo, nikachomekea: "Letasi zipo mbili kwenye friji, nimeziona asubuhi." Jamani. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kuanzia siku hiyo kuna mtu akawa ananiita Letasi, mpaka Krismasi. Wataita utani. Mimi nakumbuka nilienda kulilia kwenye chumba cha mashuka na nikamwambia mume wangu kwa simu nina mafua. Yule mtu ameshahama kazi, na sijamsamehe vizuri, nasema ukweli.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lile nililifanya kwa nia njema. Jikoni kuna mzee mmoja mpishi, mpole, nikamuuliza tu, kwenye Brexit, ile kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, wewe ulipiga upande gani? Kimya. Akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Kwetu kijiweni mtu anakuambia chama chake kabla hajakuambia jina lake, nilijua ni stori za kawaida. Baadae ndo nikaambiwa yeye na binti yake hawakusemeshana karibu miaka miwili kwa ajili ya kura ile ya 2016. Ilikuwa asilimia 51.9 kwa 48.1, yani pasu kwa pasu, fikiria nyumba ngapi ziligawanyika mezani. Kwa hiyo hapo chukua ushauri: kura ya mtu usiiulize. Muulize ameonaje ile habari ya jana. Au anza na mashimo ya barabarani, taka kutozolewa, kumpata daktari kwa simu saa mbili asubuhi, hapo siasa itakuja yenyewe na wataongea mpaka breki iishe. Na wakimsema waziri mkuu wao, wewe tikisa kichwa tu. Ni kama mtu anavyomsema mama mkwe wake, yeye ruksa, wewe mgeni ukiongezea chumvi wanakugeuka.

Aliyenitoa ushamba ni bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa mbili usiku ilikuwa ni Coronation Street, tamthilia ya TV, hataki kidonge, hataki choo, hataki mtu. Nikawa nakaa nae. Tamthilia ilianza tarehe 9 Disemba 1960, na Ken Barlow wa siku ya kwanza bado yumo, muigizaji ni huyohuyo William Roache. Nikamwambia bibi, tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata ndo sisi tulipata Uhuru. Akanitazama, akasema basi Ken anaizidi nchi yenu mwaka mmoja. Tulicheka wote wawili, na kesho yake ndo niliingia breki nina stori ya kusimulia badala ya simu.

Ila siku iliyonibadilisha kabisa ni Januari 2024. Kituo cha TV cha ITV kilionyesha tamthilia ya Mr Bates vs The Post Office, usiku nne mfululizo kuanzia mwaka mpya. Ni kisa cha kweli. Wenye posta ndogo za mitaani waliwekewa kompyuta za mfumo unaitwa Horizon, mfumo unasema hela zimepungua, hela hazijapungua, watu wanaambiwa walipe au washtakiwe. Zaidi ya 900 walipatikana na hatia, wengine wakafungwa, wengine walijiua. Magazeti yaliandika miaka na miaka, watu hawakustuka hivyo, tamthilia ikaonyeshwa siku nne na Jumatano ya wiki iliyofuata Sunak anasimama bungeni anaahidi sheria ya kuwafutia hatia. Mezani kwetu kila mtu ana hasira. Na mimi bila kujipanga nikasema, mimi najua hiyo. Nikawaeleza kikoba chetu Tanga, nilivyokuwa mweka hazina, laki mbili zikapungua kwenye daftari, mtaa mzima ukaniona mwizi, nikauza cherehani nilipe, alafu miezi mitatu baadae ikaonekana mtu alirudia kuandika mkopo mmoja mara mbili. Hakuna aliyegusa chai. Yule mpishi ndo aliuliza, na cherehani ulirudishiwa? Sikurudishiwa.

Kwa hiyo dada yangu, na wote mnaojificha na earphone mnaangalia Bongo muvi saa ya breki alafu mnalalamika Waingereza wana roho mbaya: mnawanyima nafasi! Mtu hawezi kukupenda humjibu. Angalia TV yao hata nusu saa, na lipia leseni ya TV, mwaka 2025 ilikuwa paundi 174.50 kwa mwaka, ukiangalia chaneli yoyote laivu hata kwenye simu inahusika, usije ukasema nilikwambia uangalie bure. Jumatano saa sita mchana ukiwa off wawashe wabunge wanavyozomeana kwenye maswali ya waziri mkuu, utacheka kuliko komedi. Uliza maswali. Wanapenda sana kueleza.

Na kingine wengi hamjui, sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi huku kihalali tunapiga kura hata za ubunge. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, jiandikishe tu. Tarehe 4 Julai 2024 nilienda na pasi yangu ya Tanzania, inakubalika kama kitambulisho, nikapewa karatasi na penseli. Penseli! Nikamuuliza msimamizi mara mbili.

Kesho yake Keir Starmer kashaingia uwaziri mkuu, niko jikoni nasubiri uji wa wazee, mpishi akaniuliza bila kunitazama, "Na wewe, ulimpigia nani?"

Nikachukua kikombe kisafi nikaanza kukiosha.