Mtoto alijuaje kuwa yule ni mbwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe, na mwanangu anakaribia miaka mitatu. Jumapili tulipita kwa jirani aliyeletewa kijibwa cha kizungu: kidogo kama paka, manyoya yamefunika macho, mkia hakuna. Mimi nilidhani ni mto wa kochi umeanguka. Mtoto akanyoosha kidole: "Mama, mbwa!" Tangu azaliwe ameona mbwa koko wa sokoni tu, wale warefu wenye mbavu nje. Amejuaje? Kaka yangu aliyesoma chuo anasema Mjerumani mmoja aitwaye Kant alishalijibu hilo, ila alipoanza kunieleza tuliishia kununiana. Nieleze wewe, kwa maneno ya cherehani.
Mama wa mtoto mmoja, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako hakukudanganya, na cha ajabu ni kwamba Kant mwenyewe alipotaka mfano wa jambo hili alimchukua mbwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa, alizaliwa mwaka 1724 katika mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1781 kikiwa na kurasa zaidi ya 800, na swali lako lilipewa kama kumi tu. Kurasa hizo nilizisoma seminarini, kabla sijagundua kwamba wito wangu ulikuwa chaki. Nilifaulu mtihani bila kuzielewa.

Shida yenyewe ni hii. Milango yetu ya fahamu hupokea kimoja kimoja: mbwa huyu, rangi hii, mbweko huu. Neno "mbwa" lakini linawabeba wote, hata ambao hawajazaliwa. Hivi viwili vinakutanaje?

Watu wengi hujibu haraka kwamba kichwani kuna picha ya mbwa, nasi tunalinganisha tu. Haya, fumba macho uitazame picha hiyo. Ina mkia? Kama inao, kijibwa cha jirani kimeshakosa sifa. Ni kahawia? Basi mweusi naye atoke. Ukiendelea kufuta kila ambacho mbwa fulani hana, utabaki na karatasi nyeupe.

Mimi jambo hili nilionyeshwa na mtoto wa darasa la saba. Nilikuwa nimechora pembetatu ubaoni, nikawaambia jumla ya pembe zake ni nyuzi 180. Binti mmoja akaja mbele na kile kipimapembe kikubwa cha mbao, akapima zote tatu, akajumlisha. 183. Nikamwambia akae chini, mkono wangu ulitetemeka. Jibu la hovyo! Maana alikuwa na haki ya kuuliza: kama mchoro si sahihi, na hakuna mchoro ulio sahihi kabisa, mimi nilikuwa nazungumzia pembetatu ipi? Kant anasema wazi kuwa hakuna picha itakayoifikia dhana ya pembetatu, kwa sababu kila utakayochora itakuwa ya aina moja tu, na dhana inazitaka zote.

Sasa njoo kwenye cherehani. Mteja anakuletea simu, anakuonyesha mshono: dada mmoja mwembamba, gauni limemkaa. Mteja wako ni mnene, mfupi, bega moja limeshuka. Ungekuwa unafuata picha, ungemshonea gauni la yule dada. Wewe hufanyi hivyo. Unaitazama mara moja, unatwaa futi, unapima bega, kifua, kiuno, nyonga, unaanza kukata. Ulichotoa kwenye picha ni njia ya kukata. Njia hiyo haina kiuno cha inchi 28 wala cha 44, ila humpa kila mwili kiuno chake.

Njia ya namna hiyo ndiyo Kant aliyoiita skima, na kwake picha ni kitu kingine kabisa. Dhana ya mbwa, kwa maelezo yake, ni kanuni ambayo akili huifuata kuchora umbo la mnyama wa miguu minne, bila kufungwa na umbo lolote ambalo macho yamewahi kuliona. Kwa hiyo mwanao hakulinganisha kile kijibwa na mbwa wa sokoni. Alikikata upya kwa njia ileile, kikakaa. (Baba yake Kant, nikukumbushe, alikuwa fundi wa hatamu za farasi. Sidai kwamba mwana alilipata wazo hili karakanani, ila napenda kufikiri hivyo.)

Nadhani kaka yako alikupoteza hapa panapofuata. Mbwa angalau anaonekana. Je, "kwa sababu"? Sindano imegonga kifungo, sindano imekatika. Macho yameona kugonga, kisha kukatika. Hiyo "kwa sababu" umeiona wapi? Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alishasema haionekani, ni mazoea yetu tu. Kant hakukubali. Alisema kiungo ni wakati, maana kila tunachohisi hutufikia ndani ya wakati, na dhana kama "sababu" huweza kuushika wakati kwa kuupa mpangilio. Ukitazama nyumba, jicho laweza kuanza paani likashuka, au likaanza msingini likapanda; nyumba haijali. Ukitazama chombo kikiteremka mtoni, tuseme mtumbwi kwenye mto Pangani hapo kwenu, huwezi kuuona chini kwanza halafu juu. Mfuatano usiogeuzika kwa kupenda kwako, unaotii kanuni, ndio skima ya sababu.

Sitakuficha kinachonikera. Kant anaeleza ni kitu gani lazima kiwepo ili mtoto aweze kusema "mbwa". Jinsi mtoto alivyokipata kati ya kunyonya na kutembea, hasemi. Anakiri kwamba kazi hii ya akili ni ustadi uliofichika katika vina vya roho ya mwanadamu. Niliposoma hivyo nikiwa kijana niliona anakwepa. Siku hizi nikimuuliza fundi mzuri anajuaje pa kukata, naye ananiambia "mkono unajua", simlaumu sana yule mzee.

Nina ombi. Mpeleke mwanao penye mbuzi, ndama, na kama yupo, paka mnene asiye na mkia. Akikosea, usimsahihishe papo hapo. Andika alimwita nani mbwa na alimkataa nani, kisha niletee hiyo orodha. Kaka yako naye mpe kitambaa na picha ya mshono, bila futi, akukatie gauni.