Kabla hujang'oa mahindi ili upande mibono

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ana ekari 4 za mahindi, kwamba bei ya dizeli imemlemea, na kwamba kuna mtu amemshawishi apande mbono kaburi, yaani jatrofa, ili akamue mafuta ya mbegu zake ya kuendeshea mashine yake ya kusaga. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu maneno aliyoambiwa ndiyo niliyoambiwa mimi mwaka 2007.

Miaka ile kampuni za kigeni zilikuwa zikipewa maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa kwa ajili ya mibono, na sisi wakulima wadogo tulihakikishiwa kwamba mmea huu hautaki mvua nyingi, mbolea wala dawa. Niliacha kulima mahindi katika ekari 2. Ni kweli kwamba mbono hustahimili ukame, lakini kustahimili ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, hivyo mke wangu nami tulirudi shambani kila baada ya siku chache kuyachuma kwa mkono. Kilo 4 za mbegu zilitupatia takribani lita 1 ya mafuta, na mashudu yaliyobaki yana sumu, hayafai kulisha mifugo. Mnunuzi aliyeahidi kuchukua mbegu zote alikuja msimu mmoja tu, kisha simu yake haikupatikana tena. Mwaka uliofuata nilinunua unga dukani, mimi mwenye mashine ya kusaga, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ilipofika mwaka 2011, hata mradi mkubwa wa Kisarawe ulikuwa umekwama.

Pamoja na hayo, dizeli ya mimea yenyewe, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa yaendeshe injini ya dizeli, sikuikatia tamaa, kwa kuwa kosa lilikuwa katika shamba na si katika mafuta. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mimi sasa hununua mafuta yaliyokwisha kutumika kwa wakaanga chipsi wa mjini, nikayachuja, nikayachemsha hadi maji yaishe, na yakishapoa kiasi nikayachanganya na methanoli, aina ya spiriti, iliyoyeyushiwa soda kostiki. Yakilala usiku kucha, glisarini hutuama chini, nami huchukua ya juu, ambayo ndiyo dizeli ya mimea, na kuyaosha kwa maji. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na watoto, kwani methanoli ni sumu hata kwa mvuke wake.

Injini yangu inanguruma vizuri, moshi mweusi uliokuwa ukiwakera majirani umepungua sana, na fundi aliyeifungua mwaka jana alisifu hali ya pampu yake, kwa maana mafuta haya hupunguza msuguano wa vyuma kuliko dizeli yenye salfa kidogo. Najivunia hilo. Lakini sitakuficha taabu zake: mwezi wa kwanza filta iliziba mara mbili, kwa sababu dizeli ya mimea huosha uchafu wa miaka mingi ulioganda ndani ya tangi, mipira ya zamani ya kupitishia mafuta ililainika na kuvuja, ikabidi niibadilishe yote, lita moja hutoa nguvu pungufu kidogo, na dumu likikaa miezi mingi, mafuta huchacha na kuvuta maji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiyang'oe mahindi yako. Anza kwa kuchanganya lita 20 za dizeli ya mimea na lita 80 za dizeli ya kawaida, uwe na filta ya akiba, na uchuje, kisha uchuje tena. Asikudanganye mtu kwamba ardhi inayolisha watoto wako inafaa zaidi kulisha injini. Ukitaka mibono, ipande mpakani iwe ua, kama wazee wetu walivyofanya, maana mbuzi hawaili. Yangu iliyosalia sasa imezunguka shamba la mahindi.