Maswali ya Wasomaji: Majirani wa Asia ya Kati na Ufunguo wa Bwawa

SWALI: Ndugu Mhariri, jamhuri tano za Asia ya Kati zilipata uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti mwaka 1991 zikiwa na sarafu moja, reli moja na gridi moja ya umeme. Mbona zilishindwa kuendeleza ushirikiano uliokuwapo tayari? Na ilikuwaje Kyrgyzstan na Tajikistan zipigane ilhali zimo katika mkataba mmoja wa ulinzi?

JIBU: Ndugu msomaji, ushirikiano unaoutaja ulipangwa Moscow, na jamhuri hizo zilipewa tu sehemu zao za kutekeleza. Mpangaji alipoondoka, sarafu ndiyo iliyotangulia kuvunjika: Kyrgyzstan ilitoa som yake Mei 1993, na kabla ya mwaka kwisha Kazakhstan, Uzbekistan na Turkmenistan nazo zilikuwa zimeiacha rubli.

Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni cha maji. Bwawa la Toktogul, lililoko Kyrgyzstan katika mto Naryn unaolisha Syr Darya, lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya kilomita za ujazo 19. Enzi za Kisovieti maji yalizuiliwa humo wakati wa baridi na kufunguliwa kiangazi, ili mashamba ya pamba ya Uzbekistan na ya kusini mwa Kazakhstan yapate kumwagiliwa. Nayo Kyrgyzstan, isiyo na gesi wala mafuta ya kutosha, ililetewa nishati ya kupitisha majira ya baridi. Februari 1992 nchi zote tano zilikubaliana huko Almaty, mji wa Kazakhstan, kwamba mgawanyo wa zamani wa maji uendelee, ila upande wa nishati haukuwekewa utaratibu wowote. Ikawa gesi inauzwa kwa bei ya soko huku maji yakitazamiwa kushuka bure. Nani angekubali? Kyrgyzstan ilianza kufungua maji wakati wa baridi ili izalishe umeme wake, na nchi zilizo chini ya mto zikapata mafuriko katika msimu zisioyahitaji maji, kisha uhaba katika msimu wa kilimo. Mkataba wa mwaka 1998 ulijaribu kurejesha ubadilishanaji wa maji na nishati, lakini ulitegemea mapatano mapya kila mwaka, na mafuta yaliyoahidiwa mara nyingi yalichelewa. Hatimaye Kazakhstan ilijijengea bwawa la Koksaray la kupokea mafuriko hayo. Kwa maoni yangu, hiyo ni gharama kubwa ya kujikinga na jirani ambaye ingewezekana kupatana naye.

Kuhusu ulinzi, Mkataba wa Usalama wa Pamoja uliotiwa saini Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, mwaka 1992 ulilenga adui atokaye nje. Turkmenistan haikujiunga, ikachagua kutofungamana na upande wowote. Uzbekistan ilitoka mwaka 1999, ikarudi 2006, ikatoka tena 2012. Kyrgyzstan na Tajikistan zilibaki ndani, lakini mpaka wao wa karibu kilomita 1,000 ulikuwa na sehemu nyingi zisizokubaliwa. Mapigano ya Aprili 2021 yalianzia kwenye kituo cha kugawia maji cha Golovnoy, katika mto Isfara, na mwaka uliofuata, mwezi Septemba, yakazuka makubwa zaidi. Mkataba ulioandikwa kwa ajili ya kupambana na mvamizi haukuwa na la kusema juu ya wanachama wawili wanaogombea mfereji.

Ugomvi huo uliamuliwa na wenyewe. Machi 2025 marais Sadyr Japarov wa Kyrgyzstan na Emomali Rahmon wa Tajikistan walitia saini mkataba wa mpaka mjini Bishkek, Kyrgyzstan, pamoja na maafikiano kuhusu barabara na matumizi ya maji, na kabla ya mwezi huo kwisha wakakutana na Rais Shavkat Mirziyoyev wa Uzbekistan huko Khujand, Tajikistan, kuthibitisha mahali ambapo mipaka yao mitatu inakutana.

Badiliko linalonivutia zaidi ni la Uzbekistan yenyewe. Mwaka 2012 rais wake wa wakati huo, Islam Karimov, alionya kwamba mabwawa makubwa ya nchi zilizo juu ya mito yangeweza kuleta vita. Januari 2023 nchi hiyohiyo, pamoja na Kazakhstan, iliafikiana na Kyrgyzstan kushiriki katika mradi wa bwawa la Kambarata-1, juu ya Toktogul. Mwenye hisa ana haki ya kuuliza maji yatafunguliwa lini, na swali hilo ndilo ambalo makubaliano ya Almaty yaliliacha bila jibu.